Fidla ya Bi Fadhiya Ndani ya Kompyuta

Watu wa bandarini wanamjua Kenga Mung'aro kama karani wa mizigo mwenye mwandiko mzuri. Kanisani kwake wanamjua kama mpiga kinanda wa Jumapili. Wachache wanajua kwamba ndiye anayetunga muziki unaosikika chini ya baadhi ya matangazo ya redio na filamu fupi za mashirika, akiwa peke yake katika chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, Mji wa Kale, baada ya zamu yake ya asubuhi kwisha.

Ana miaka arobaini na saba. Ni Mgiriama wa Kaloleni, aliyelelewa katika nyumba ya mwinjilisti ambako mtoto aliyevunja sahani alisamehewa, lakini aliyesema uongo juu ya sahani hiyo hakusamehewa. Kwa hiyo yaliyompata mwaka huu yalimshtua kuliko ambavyo yangemshtua mtu mwingine. Siku zote alikuwa amejihesabu miongoni mwa watu waaminifu.

Chumba chake cha kazi kina godoro kuukuu lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta, spika mbili, na kinanda kisicho na sauti yake chenyewe. Sauti hutoka kwenye kompyuta, katika kile mafundi wanachokiita maktaba. Wapigaji halisi wa fidla hukalishwa studioni wakapiga noti moja moja: kwa ulaini, kwa wastani, kwa nguvu. Kila noti hurudiwa mara kadhaa, ili mashine isije ikatoa sauti ile ile kila mara na kujulikana kuwa ni mashine. Noti hizo huhifadhiwa, hupangwa, huuzwa. Anayezinunua hubonyeza kinanda chake, na fidla ya mtu aliye mbali, au hata aliyekwisha kufa, ikalia kama inapigwa pale pale.

Kenga ana maktaba kadhaa za nyuzi, yaani za fidla na ndugu zake, na huzichagua kwa uangalifu kama mpishi anavyochagua mchele. Maktaba isiyofaa humharibia mtazamaji filamu nzima, naye asijue kosa liko wapi. Ataona tu kwamba haamini anachokitazama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa filamu ya Wendy. Wendy ni mwanamke wa bara aliyehamia Mombasa, na alikuwa ametengeneza filamu ya nusu saa juu ya akina mama wanaopara samaki Liwatoni. Siku moja alikuja kusikiliza kazi, akaketi kwenye kigoda, akatazama dakika tatu, kisha akaanza kucheka.

"Kaka Kenga, hawa wanapara samaki. Mbona umewaletea kutawazwa kwa mfalme?"

"Hizo ni nyuzi sitini," Kenga akajitetea. "Wapigaji sitini, kwenye ukumbi mkubwa wa Ulaya. Ni maktaba ya kuaminika."

"Ndiyo shida yenyewe. Mama huyu Everlyne yuko peke yake na kisu. Watu sitini wametoka wapi? Wamekuja kununua samaki?"

Kenga akafungua maktaba nyingine, ya wapigaji wanane tu, katika chumba kidogo. Wendy akasikiliza, akakunja uso.

"Wamepungua, lakini bado wamevaa tai. Nataka mtu mmoja. Tena mtu wa hapa."

Wendy alisema kweli. Wale wanane walianza kila noti wima, safi, kama wanaopanda ngazi. Fidla ya pwani haipandi ngazi. Huteleza kutoka sauti hadi sauti, hujivuta, huchelewa kidogo kufika, na katika kuchelewa huko ndimo utamu wake ulimo. Kenga alilijua hilo kwa vidole vyake mwenyewe, maana aliwahi kufundishwa fidla hiyo. Akamwahidi Wendy kwamba kesho yake, saa nne asubuhi, kazi ingekuwa tayari.

Mgeni wake alipoondoka, alikumbuka maktaba ya tatu. Aliinunua wiki tano nyuma, kwa haraka, alipokuwa akitengeneza tangazo la redio la kampuni moja ya kamari. Iliitwa Fidla ya Mashariki, na kwenye ukurasa wake kulikuwa na picha ya ngamia watatu wakipita juu ya mchanga. Katika tangazo lile aliiweka chini ya ngoma na chini ya kelele za mtu anayewahimiza watu waweke dau. Hakuwahi kuisikiliza ikiwa peke yake.

Sasa aliiweka peke yake. Kulikuwa na sehemu ndefu ambapo Everlyne anaosha mikono na hasemi kitu. Kenga akazima sauti nyingine zote, akavaa vipokea sauti masikioni, akachagua noti zilizopigwa kwa ulaini kabisa, akabonyeza noti ya kwanza.

Ilikuwa ndiyo hasa. Iliteleza vile vile alivyotaka. Akabonyeza ya pili, na ya tatu, mwili ukamsisimka kwa furaha ya fundi aliyepata kifaa chake. Lakini kabla ya kila noti palikuwa na kitu, kama kitambaa kinachosuguana na kitambaa. Akadhani ni redio ya jirani. Akaongeza sauti.

"...llahi."

Akabonyeza noti nyingine.

"...llahi."

Alivua vipokea sauti, akageuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akavivaa tena, akarudia noti ile ile, polepole, na safari hii hakuweza kujidanganya. Ilikuwa sauti ya mwanamke, pumzi zaidi kuliko sauti, na lilikuwa neno lililokatwa mwanzo wake likabakizwa mwisho. Mwanamke huyo alikuwa akisema bismillahi kabla ya kuvuta upinde. Alisema kabla ya noti hii, akasema kabla ya noti ile, akasema kabla ya kila noti iliyokuwa ndani ya maktaba ile.

Kenga alijua watu wengi wanaoanza kula kwa bismillahi, na wengi wanaoanza safari hivyo. Alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiisema hata akifungua kopo la achari, hata akivaa viatu, hata akigusa uzi wa fidla kuona kama umelegea. Huyo ndiye aliyemfundisha fidla.

Akaondoa mikono juu ya kinanda.

Bi Fadhiya anakaa vichochoro vitatu kutoka hapo, na sasa amekaribia miaka sabini. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga fidla katika harusi za wanawake, na hapana bibi harusi wa wakati wake ambaye hakutaka Fadhiya awepo. Kenga alipokuwa kijana wa miaka ishirini na moja, na fidla aliyopewa na padri lakini asijue hata kuishika, ni yeye aliyemketisha barazani akamfundisha bila kumwuliza dini wala kabila. Kisha, miaka sita iliyopita, Bi Fadhiya alikwenda Hija. Aliporudi aliifunga fidla. Alizunguka kwa jamaa na marafiki akaomba kanda zote alizorekodiwa, akazitia guniani, na hakuna aliyejua alikozipeleka. Hakumlaumu mtu yeyote anayepiga. Alisema tu kwamba yeye na Mola wake wamewekeana ahadi, na mtu asiicheze tena fidla yake popote.

Miaka miwili baada ya Hija hiyo alitokea Tom, fundi wa sauti kutoka ng'ambo, akitafuta mpiga fidla wa zamani. Aliyempeleka kwa Bi Fadhiya ni Kenga. Bi Fadhiya alikataa. Aliyemshawishi ni Kenga.

"Hakuna wimbo, Bi Fadhiya," alimwambia siku ile. "Utapiga sauti moja, unyamaze. Sauti moja tena, unyamaze. Hata anayekaza nyuzi hufanya hivyo. Ni ya utafiti tu."

Bi Fadhiya alifikiri siku mbili. Kisha akasema kwamba ikiwa hakuna wimbo wala mashairi wala ngoma, basi sauti moja si muziki, ni sauti tu, kama mlango unavyolia, na ahadi yake haikuguswa. Akaketi mbele ya vinasa sauti siku mbili nzima, akapiga karibu mara mia tano. Kwa kuwa kila sauti ilikuwa jambo lenye mwanzo wake na mwisho wake, alianza kila moja kwa jina la Mungu.

Kilichomvunja Kenga alipokumbuka haya si kwamba Tom alimdanganya. Wakati ule Kenga alikuwa tayari ametumia maktaba za nyuzi miaka miwili. Alijua vizuri sana noti moja moja hutumika kwa kazi gani. Tom aliposema neno utafiti, Kenga aliliokota akalishikilia, kwa sababu lilimrahisishia mambo na lilimfanya aonekane mtu anayejuana na wageni wakubwa. Huo haukuwa ujinga. Mjinga hajui. Kenga alijua, akachagua kutoangalia upande ule.

Kisha alifanya jambo ambalo baadaye alilionea haya kuliko mengine yote. Alifungua sehemu ya maktaba inayoonyesha umbo la kila noti, akasogeza mahali inapoanzia, kiasi cha kufumba na kufumbua jicho. Akabonyeza. Neno lilikuwa limetoweka. Fidla ilibaki, safi, tamu, tayari kwa Wendy. Kazi ya saa moja, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Rahisi hivi," alijisemea kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Akafungua tangazo la kamari. Akaondoa ngoma, akaondoa yule mpiga kelele, akabakiza fidla. Akahesabu. Katika nusu dakika, mwisho wa bismillahi ulirudi mara thelathini na moja, na kila mara juu yake palikuwa pamebandikwa mwito wa kucheza kamari.

Mkewe Rispah aliingia na chai akamkuta ameshika kichwa.

"Nini? Umekuwa kama mtu aliyefukua kaburi."

Kenga alimvisha vipokea sauti, akacheza noti nne. Rispah akaweka kikombe chini bila kuangalia anakiweka wapi, chai ikamwagika mezani.

"Huyu si Bi Fadhiya?"

"Ndiye."

"Yuko humo anafanya nini?"

Kenga akamweleza yote, pamoja na tangazo la kamari. Rispah ni mwalimu wa shule ya msingi, na hana mazoea ya kupaza sauti. Alivua vipokea sauti akaviweka mbali na yeye.

"Lile linalolia redioni kila siku pale dukani kwa Chirau? Uongo."

"Ni lile."

"Yesu wangu."

"Wendy anataka kazi kesho saa nne," Kenga alisema, kwa unyonge. "Nimeona ninaweza kulikata hilo neno."

Rispah alimtazama mpaka akainamisha macho.

"Kabla ya Wendy kuna mtu mwingine," alisema. "Nenda sasa, kabla hujapata akili ya kutokwenda."

Alikwenda jua likiwa bado juu ya mapaa, kompyuta kwapani na kinanda kidogo mkononi. Bi Fadhiya alikuwa chini barazani akifunga vikopo vya achari ya maembe.

"Masalkheri, Bi Fadhiya."

"Masalkheri, mwanangu. Mbona umejitwika vyombo? Wahama? Rispah amekutoa?"

"Hajanitoa bado."

"Basi keti kabla hajabadili nia."

Kenga aliketi. Hakujua pa kuanzia, kwa hiyo alianza na ile picha ya ngamia. Bi Fadhiya aliinama, akavaa miwani, akacheka hadi akashika ubavu.

"Ngamia! Na mchanga! Ati hii ndiyo nini?"

"Ni wewe, Bi Fadhiya. Ni ile kazi ya Tom."

"Mimi na ngamia wapi na wapi? Ngamia mimi namjua yule wa ufuoni apandwaye na watalii, na yule mwenyewe hanipendi."

Kenga akamvisha vipokea sauti juu ya mtandio, akabonyeza noti moja. Uso wa Bi Fadhiya ukalainika.

"Huu uzi wa tatu. Siku ile ulikuwa chini kidogo, nikawaambia. Hawakusikiza."

Kisha, kabla Kenga hajamzuia, alinyoosha kidole chake chenye harufu ya siki na pilipili, akabonyeza mwenyewe. Akabonyeza na noti ya pembeni yake. Kompyuta ikafanya ilichotengenezwa kufanya: ikaziunganisha noti mbili, ikateleza kutoka moja hadi nyingine, kwa ule mvuto wake, kwa kule kuchelewa kwake.

Bi Fadhiya aliuvuta mkono kama aliyegusa karai la mafuta yanayochemka.

"Napiga," alisema. Akaangalia vidole vyake. "Kenga. Mimi napiga."

"Yeyote aliyenunua anaweza kukupigisha," Kenga alisema. "Wimbo wowote. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Lile tangazo la redio, lile la kamari..."

"La dukani kwa Chirau?"

"Hilo."

Bi Fadhiya alivua vipokea sauti polepole, akavishika magotini.

"Nalisikia kutwa," alisema. "Wajua nilisema nini moyoni? Nikasema, huyu mpigaji amefundishwa na nani, mbona ateleza kama mimi. Nikaona fahari, Kenga. Nikasema, kumbe sikuondoka na vyote, kuna mtoto wa watu aliyeshika mkono wangu. Nikawa nakaa hapa barazani, nangojea lipigwe tena."

Kenga alitaka ardhi impasukie. Alikuwa bado hajasema lililo baya zaidi. Akalisema: neno lililobaki mbele ya kila noti, mara thelathini na moja, chini ya mwito wa dau. Bi Fadhiya aliziba mdomo kwa mtandio. Macho yalimtoka. Kopo alilokuwa hajalifunga lilianguka likamwagika miguuni pake, na hakuna kati yao aliyeinama kuliokota.

"Nani aliyenambia sauti moja si muziki?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Wakati huo ulijua wazifanyia nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kujiokoa. Angeweza kusema kwamba Tom aliwachezea wote wawili, na Bi Fadhiya, ambaye alimpenda, angemwamini.

"Nilijua," Kenga alisema.

Bi Fadhiya aliinamisha kichwa kama anayekubali bei ya kitu asichotaka kukinunua.

"Basi enda. Ukalitoe lile la redioni. Usinijie na pole, nijie na habari kwamba limetoka."

Nyumbani, Kenga aliifuta maktaba yote kutoka kwenye kompyuta, noti zilizokatwa na zisizokatwa. Alibakiza tu fidla ya lile tangazo, aliyokwisha kuirekodi peke yake, iwe ushahidi. Asubuhi aliomba ruhusa kazini. Kwanza alimpigia Wendy, akamweleza kwa nini hakuna fidla. Kenga alimsikia Wendy akivuta kiti na kuketi.

"Na jana nilikuambia nataka mtu wa hapa," alisema. "Mungu anisamehe. Iache hiyo sehemu bila muziki. Kisu na maji vinatosha."

Kisha akaenda kwenye ofisi ya matangazo, upande wa Makupa, ghorofa ya nne. Msimamizi wake aliitwa Morris, mtu mchangamfu mwenye kupenda kuwagonga watu mgongoni.

"Kenga! Tangazo lako linaimbwa hadi na makanga wa matatu. Wateja wanataka lingine."

"Nimekuja kuliondoa, Bwana Morris."

"Kuliondoa? Ndugu yangu, umeamkia nini leo?"

Kenga alimweleza. Morris alicheka.

"Hiyo pumzi nani anaisikia? Nimelisikia mara mia."

Kenga akaweka kompyuta mezani, akacheza fidla peke yake, kama ilivyo chini ya tangazo. Noti ya kwanza, Morris bado alikuwa akitabasamu. Noti ya nne, tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu. Akanyoosha mkono akazima mwenyewe.

"Huyu bibi ameshasikia?"

"Ameshasikia."

"Ana watu? Ana wajukuu wa kupenda kuandika mitandaoni? Atasema?"

Kenga alimtazama. Kwa njia nzima alikuwa amejiandaa kubishana na mtu asiyeona kosa. Hakujiandaa kukutana na mtu aliyeliona kosa mara moja, lote, na ambaye swali lake la kwanza likawa ni nani mwingine amejua. Mshtuko wa pili ulikuja nyuma ya huo: jana yake, mbele ya kompyuta, hilo ndilo lililokuwa swali lake yeye pia.

"Sijui kama atasema," alijibu. "Mimi nitasema."

Kabla ya adhuhuri tangazo lilikuwa limeondolewa katika kila kituo. Hakuna aliyeomba radhi. Morris alimwambia tu, akimsindikiza ngazini bila kumgonga mgongo, kwamba ofisi haitamhitaji tena.

Alipopita dukani kwa Chirau redio ilikuwa ikisoma habari. Bi Fadhiya hakuwa barazani. Alikuwa amekaa ndani, juu ya mkeka, na mbele yake kulikuwa na bahasha ya kahawia iliyotoka chini ya sanduku.

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Na kwingine?"

"Kwingine sijui, Bi Fadhiya. Wameiuza katika nchi nyingi. Sijui kwa wangapi, wala wameitia katika nini."

"Hujui." Aliisukuma bahasha kuelekea kwake. "Karatasi hii nalitia sahihi siku ile, wewe ukiwa hapo ulipo. Nikakuuliza yasema nini. Ukanambia yaonyesha kwamba nimekuja na nimepiga. Isome."

Kenga alizitambua kurasa hizo tatu za Kiingereza. Siku ile Tom alikuwa amesimama ngazini na vyombo vyake, akitazama saa, na Kenga hakuona haja ya kumkawiza mgeni.

Akaanza kusoma, akizigeuza sentensi Kiswahili moja baada ya nyingine. Mpigaji amekabidhi sauti zote alizotoa. Zinaweza kukatwa, kuunganishwa na kubadilishwa. Zinaweza kutumika kwa jambo lolote.

"Lolote?"

"Lolote."

"Wametaja kamari?"

"Hawakutaja. Wamesema lolote."

"Enda mbele."

"Duniani kote. Na..." Kenga aliurudia mstari kwa macho. "Na milele."

Bi Fadhiya alivuta leso akajifunika mabega, ingawa chumba kilikuwa na joto. Kenga akasoma ukurasa wa tatu. Katikati yake palikuwa na mistari miwili mifupi, na alipoifikia aliishika kwa kidole.

"Wasema nini?"

"Wanasema mpigaji akibadili nia ana siku thelathini. Aandike kwamba hataki, nao watafuta kila kitu."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni na kuomba njia.

"Baada ya wiki tatu nalikujia kwako," Bi Fadhiya alisema. "Nikakwambia sipati usingizi, moyo wangu wasema nimekosea. Wakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ukanambia nini?"

"Nilikwambia yamekwisha, hayarudi." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyapangusa. "Sikuwa nimesoma."

Bi Fadhiya hakumfukuza, na hakumwambia amemsamehe. Alinyanyuka kwa kushika magoti, akatoa kalamu na daftari la oda za achari, akayaweka mbele yake.

"Waandikie hao wenye karatasi, kwa lugha yao. Nitasema, utaandika, kisha utanisomea neno kwa neno, usiruke."

Kenga akashika kalamu.

"Mimi Fadhiya," alisema, akitazama ukuta, "nilitia sahihi karatasi yenu bila kujua ndani mna nini. Sikusomewa. Niliyemwamini anisomee, hakunisomea."

Kenga aliandika, akamsomea. Bi Fadhiya akasikiza hadi mwisho.

"Umemwita niliyemwamini," alisema. "Hawa watamjuaje? Andika jina lake."

Kenga akaandika jina lake.